Mmea Uliodekezwa

Mkunga alikuwa amezalisha kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuna kichanga kilichowahi kumshinda. Siku moja mdogo wake, mpima hali ya hewa kule juu mlimani, alimletea mche ndani ya kopo. Ulikuwa mmea mfupi wa kutambaa, majani kama punje za mchele.

"Kule umejaa kwenye miamba, dada. Ukishika, utakaa nao miaka."

Mkunga aliupokea kama alivyozoea kupokea watoto. Aliuchimbia shimo uani, akaujazia samadi, akaumwagilia asubuhi na jioni, na jua likiwaka akaufunika kwa kitambaa. Wiki ya tatu majani yakawa ya njano, shina likalainika. Akaongeza maji.

Mkwe wake, fundi mwashi, aliyaona yote hayo akanyamaza. Walikuwa wakiheshimiana kupita kiasi. Tangu amwoe binti wa nyumba hiyo, miaka minne sasa, maongezi yao hayakuvuka shikamoo na marahaba. Hata chumvi mezani aliiomba kupitia kwa mkewe.

Jumamosi moja uvumilivu ukamwishia.

"Mama, samahani. Unazama."

"Nani anazama?"

"Mmea, mama. Umezoea mawe, na hapa mizizi inashinda kwenye tope."

Mkewe, aliyekuwa akianika nguo, akaganda na kibanio mdomoni. Mkunga alimtazama mkwewe juu mpaka chini.

"Haya, fundi. Wewe ungefanyaje?"

Wakafukua tope lote. Fundi akamwaga kokoto na mchanga, akapanga mawe juu yake. Mkunga akakata kwa mkasi kila kilichooza, kikabaki kijitawi kimoja tu. Wakakipachika katikati ya mawe, juani. Kilichomtesa mkunga ni kukaa bila kumwagilia. Kila alipoigusa ndoo, fundi alikohoa.

"Nimesikia!"

"Sijasema kitu, mama."

Kijitawi kikashika. Mwaka wa pili kilikuwa kimetandaa juu ya mawe yote, kimejaa maua ya zambarau. Mkunga alipiga vigelegele peke yake uani, akiwa bado na mswaki mkononi.

Siku hizi majirani wakija kuomba vipandikizi, huwauliza kwanza, "Kokoto unazo?" Kisha yeye na mkwewe huongozana kwenda kupanga mawe ya watu, wakibishana njia nzima, huku binti akilalamika kwamba chakula kinapoa.