Waya wa Zamani Chini ya Paa

...na ngazi yenyewe ni yake, ndiyo maana amepanda yeye, kwa sababu fundi wa intaneti, yule mama mnene mcheshi aitwaye Nokwazi, alisema tangu anashuka garini kwamba kampuni yake hairuhusu mtu kukanyaga mapaa haya ya zamani ya saruji nyembamba, yanavunjika kama biskuti, na papo hapo Khuzwayo akachungulia juu ya ua, jirani mwema, Khuzwayo wa kila msiba na kila harusi, akasema, "Hilo paa nalijua mimi, Dada Zibuyile, wewe nishikie ngazi tu," na sasa Zibuyile ameshika, kwa mikono miwili, na anachokiona kutoka hapa chini ni soli za viatu vya Khuzwayo, visigino vimelika upande, viatu vile vile vilivyo... hapana, si hivi, vile vilikuwa vyeusi, vya kanisani, ilikuwa Jumamosi asubuhi na alikuwa anavipiga rangi kibarazani, akatoka navyo hivyo hivyo, kamba hazijafungwa, ukumbuke sawasawa au usikumbuke kabisa, vuta ngazi, Zibuyile, vuta kidogo tu, saruji ya uani ina maji, nani atauliza, mtu akianguka kwa kichwa, shingo ni kijiti, itasema kha, basi, atalala hapo mdomo wazi kama kuku wa sherehe, na wewe utapiga kelele kama jirani yeyote... "Bado?" anaita Khuzwayo kutoka juu, amekumbatia antena. "Bado, Baba!" anajibu Nokwazi dirishani, macho kwenye taa za ruta. "Igeuze kidogo upande wa mnara. Kidogo, nimesema! Unaipeleka Lesotho?" Khuzwayo anacheka, ngazi inatetemeka kwa kicheko chake, mtetemo unashuka mpaka kwenye viganja vya Zibuyile, kicheko cha mtu huyu kimo mikononi mwake, na ndani ya nyumba anamsikia mama, sauti kavu, "Mwanangu, hicho kidude chako kinapitia wapi kama hakina waya?" na Nokwazi, "Hewani, Bibi. Siku hizi huhitaji simu ya ukutani hata kidogo, utamwona mjukuu wako wa Cape Town mpaka meno. Hii ya zamani nikutolee?" na mama, "Iguse nikuvunje vidole." Nokwazi anacheka, hajui kwamba mama hatanii, simu ile ya rangi ya maziwa imekaa chini ya kitambaa alichokifuma mwenyewe, haijalia tangu mwezi ule laini ilipozimika, na kila siku mama huipangusa vumbi na kuiweka sikioni, husikiliza ukimya wake kisha huirudisha, kwa sababu Mfaniseni, kaka yake Zibuyile, alipotoka Jumamosi ile alisema, naenda kuiamsha. Hayo ndiyo maneno yake, naenda kuiamsha, mjomba alipotaka kusema makaburini kwamba kijana aliaga anakwenda kuitengeneza, Zibuyile alimsahihisha mbele ya watu wote, kaka yake alisema kuiamsha, kisha Mfaniseni akachukua koleo la waya la marehemu baba, maana waya ulikuwa umekatwa mahali na kampuni haiji, na walinzi wa mtaa wakamkuta kwenye nguzo ya kona, koleo mkono huu, waya wa shaba mkono huu. Anakata, walisema wao. Alikuwa anaunga, anasema mama mpaka leo. Zibuyile hasemi, kwa sababu hajui, alimpenda, na Mfaniseni alikuwa mtu wa kuunga na alikuwa mtu wa kukata, lakini analolijua ni aliloliona kwa macho yake, majembe, fimbo ya gofu ambayo hakuna ajuaye ilitoka wapi, na rungu la Khuzwayo, rungu zuri la kuchezea ngoma, kichwa cheusi kinang'aa, likipanda, likishuka, sauti yake kama ya mama anayekung'uta mkeka, kisha sauti ikabadilika, ikawa ya kitu chenye maji, na mguu mmoja wa Mfaniseni ulikuwa unajaribu kwenda nyumbani peke yake, unasukuma vumbi, unasukuma vumbi, na polisi walipokuja kuuliza mtaa mzima ulikuwa umelala, Jumamosi, jua limewaka, wote wamelala... mpige na ngazi yake, subiri afike kipandio cha mwisho uisukume imwangukie, au lile birika linalochemka jikoni kwa ajili ya chai yake, chai ya shukrani, umwagie usoni, ngozi ibambuke kama ya nyanya, au ukae naye mezani, umkatie mkate, na kisu hicho hicho... "Sasa je?" "Nyekundu, Baba!" ...lakini hata hayo Zibuyile angeyameza, watu wamemeza makubwa zaidi, kisichopita kooni ni lile tawi, lile tawi la mkunazi wa miiba ambalo mama alilibeba mpaka kwenye nguzo ya kona kuichukua roho yake, akapiga magoti penye doa, akasema, Mfaniseni, mwanangu, ni mimi, panda twende nyumbani, kisha akageuka na tawi mikononi kama mtoto mchanga, na kila mtu anajua kwamba anayembeba marehemu hazungumzi na mtu mwingine njiani, hata mfalme akimsalimu, na watu walipomwona waliinamisha vichwa wakampisha, isipokuwa Khuzwayo, kwenye lango lake, kwa hofu, au kwa haya, au kwa mazoea tu ya mdomo, akasema, "Mama, hamjambo?" na mama, aliyelelewa vizuri mno, akajibu, "Hatujambo, mwanangu." Hatujambo. Tawi likawa kuni. Zibuyile alikuwa nyuma yake, aliuona uso wa mama ulivyoporomoka, walifika nyumbani na mti mtupu, Mfaniseni amebaki pale kwenye nguzo, na nguzo ikang'olewa, na mahali pake wamesimamisha mnara huu huu ambao Nokwazi anautafuta kwa antena, kwa hiyo kitakachoingia nyumbani leo, kwa hewa, kitatoka pale pale alipolala, na mama hajui au anajua kuliko wote. "Dada Zibuyile!" Khuzwayo amechuchumaa pembeni ya paa. "Huku chini ya paa kuna waya wa zamani wa simu. Shaba tupu! Unanizuia. Niukate?" Na Zibuyile anainua uso, jua linamchoma, na anamwona, koleo mkono huu, waya wa shaba mkono huu, amekaa vile vile, amekaa pale pale, na kule kona vijana wanaosha gari na muziki wao, wageni wa mtaa, hawamjui huyu mzee, hawamjui yeyote, Zibuyile anachohitaji ni neno moja, si kuvuta ngazi, si birika, neno, mwizi wa waya, alitoe mara moja tu kwa sauti ya mwanamke aliyeshikwa na hofu, na watakuja wakikimbia na vyuma vya magurudumu, na mpaka Nokwazi atoke nje kueleza, itakuwa sauti ya mkeka, kisha ile nyingine. Neno limeshafika, liko nyuma ya meno, lina ladha ya shaba. Na hapo hapo anasikia sauti nyingine, ya Jumamosi ile, kabla ya rungu, kabla ya viatu visivyofungwa, sauti nyembamba ya mwanamke upande wa bomba la maji, mwizi wa waya, na miaka yote hii ameihifadhi mikono, mkono wa nani ulishika nini, ameipanga kichwani kama sahani kabatini, na mdomo ule hajawahi hata kuutafuta, hata sasa haoni uso, anaona tu mtu aliyesimama uani kwake, mikono imeshika kitu cha kawaida, ndoo, kata ya maji, ngazi. "Dada? Umenisikia? Niukate?" Hamjibu. Kumbe hivi ndivyo inavyokuwa kunyamaza njiani, anayekuita unamsikia vizuri kabisa na humjibu, mama hakuweza, na huyu je, huyu mcheshi wa mtaa, ataweza, kutoka kona mpaka langoni kwetu, tawi mikononi, milango yote ikimwita, Khuzwayo, vipi, Khuzwayo, umebeba nini, na vijana wakimcheka, na yeye kimya, miiba viganjani, anamleta nyumbani aliyemwacha njiani, mila inataka mtu wa ukoo, ndiyo, lakini mila haikumtaja mtu aliyeivunja, basi akishuka hatapewa chai, atapewa tawi, ataambiwa nenda pale kona, sema jina lake, sema kosa lako, kisha funga mdomo utembee, na akikataa, akicheka kile kicheko chake, neno halijaenda popote, liko palepale nyuma ya meno, na vijana huosha magari kila wiki. "Dada Zibuyile, jua linaniua huku!" "Usiukate," anasema. Mama ameweka simu sikioni, anaonekana dirishani. "Bado?" anaita Khuzwayo. "Bado, Baba," anasema Nokwazi, "bado nyekundu," na Zibuyile anaikaza ngazi kwa mikono yote miwili, ili mtu asianguke.