Vyumba vya Nyuma

Ukumbi ulijaa mapema. Wapangaji walikalia viti, madirisha, hata ngazi za jukwaa, na kila mtu aliongea bila kumsikiliza mwenzake. Mwenye majengo alitaka kuyabomoa yote, na mwenyekiti wa chama chao alikuwa ametoka kuonana naye.

Mkalimani wa lugha ya alama alisimama pembeni, akifuta viganja kwenye sketi. Mbele yake walikaa wapangaji viziwi, karibu wote mafundi cherehani wa vyumba vya nyuma, na kati yao dada yake mkubwa. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa mjomba wao, aliyewalea baada ya baba yao kufariki. Alishawahi kulala rumande kwa kuwatetea wapangaji, na watu walimpenda hadi wakamwita Ngao.

"Jamani, tumepata pa kupumulia!" Ngao alianza. "Nyumba za mbele hazitaguswa."

Makofi yakalipuka. Viziwi nao wakapunga mikono hewani, ndiyo makofi yao. Ngao akamgeukia mpwa wake, akashusha sauti.

"Hili linalofuata usiwatafsirie kwanza. Nitawaeleza mwenyewe, taratibu."

Kisha akaugeukia umati. "Vyumba vya nyuma tutaviachia. Hapakuwa na namna."

Kelele zikakatika. Waliopiga makofi wakaanza kutazama sakafu. Mikono ya mkalimani ilining'inia kama si yake. Dada yake akainua nyusi: vipi tena?

Akamtazama mjomba, akamtazama dada, akahisi ukumbi mzima unamtazama yeye. Mwishowe akainua mikono. *Mjomba amekubali vyumba vyenu vibomolewe. Ameniambia nisiwaambie.*

Viti vikaburuzwa. Mafundi wote wakasimama.

"We mtoto! Nimekwambia nini?"

"Umeniambia nisiwatafsirie, Mjomba. Na hilo pia nimewatafsiria."

Mtu mmoja alicheka, akajiziba mdomo.

"Nimelala rumande kwa ajili ya chama hiki!" Ngao alifoka. "Leo mimi ndiye msaliti?"

Dada mkubwa akasogea hadi chini ya jukwaa. Mikono yake ilikwenda mbio, mkalimani akaitolea sauti:

"Sijakuita msaliti. Nauliza, umetutoa kwa ruhusa ya nani? Siku tingatinga lilipokuja kubomoa, tulijipanga mstari mmoja na wewe mbele yake. Ngurumo yake hatukuisikia, lakini hatukuondoka."

Mwuza magazeti wa nyumba za mbele akasimama. "Mimi nimepiga makofi sasa hivi. Nayarudisha."

Baada ya hapo mkutano ukawa vuta nikuvute. Wa mbele waliogopa kupoteza kilichopatikana, wa nyuma hawakutaka hata kukaa. Kila mmoja alilazimika kungoja mikono imalize ndipo aongee, na kungoja huko kuliwakera wengi. Jua lilipokaribia kuzama, wakapiga kura: makubaliano yale hayakuwa ya chama, Ngao aweke kando uenyekiti mpaka uchaguzi, na hakuna atakayekwenda kwa mwenye majengo bila mtu wa vyumba vya nyuma.

Njiani kurudi nyumbani Ngao alitembea mbele, hageuki.

"Umeniaibisha mbele za watu," alisema hatimaye.

"Najua, Mjomba."

"Ningewaeleza."

"Lini?"

Ngao akaongeza mwendo. Mkalimani alimfuata. Kesho yake baadhi ya majirani wa mbele walimpita bila salamu, naye akawa anajiuliza kila mara kama angeweza kulisema vingine.

Ilipokaribia siku ya kuonana na mwenye majengo, dada mkubwa alimshangaza. *Mwambie Mjomba aje,* alisema kwa mikono. *Yeye anamjua mtu yule. Ila mimi ndiye nitakayeanza.*

Mkalimani alipeleka ujumbe kama ulivyo. Ngao alisema atafikiria, na sauti yake haikuonyesha lolote.

Asubuhi ya kwenda walimkuta langoni, shati limepigwa pasi, akihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Hawakusalimiana sana. Mlango ulipofunguliwa, alisogea kando ili dada mkubwa apite, kisha mkalimani, ndipo akaingia.

Vyumba vya nyuma havikubomolewa. Wa mbele walipoteza ua wao wa kuanikia nguo, uliotolewa kwa mwenye majengo badala ya vyumba hivyo, na hadi leo wapo wanaonung'unika.