Fungu la Kurasa Kumi na Sita

Maktaba ya wilaya ilikuwa inatimiza miaka hamsini, na mkutubi, binti mwenye miwani asiyependa kitu kikae upande, alikuwa akiandika historia yake. Alimwita Mzee Gundi aje asomewe sehemu inayomhusu. Kwa miaka thelathini na mmoja mzee huyo ndiye aliyeshona na kutia gundi vitabu vilivyochanika, tangu maktaba ilipokuwa ghala la pamba lenye rafu mbili hadi ikapata vyumba vitatu.

"Sikiliza, babu. 'Katika utumishi wake wote, hakupoteza hata ukurasa mmoja.'"

Mzee alikunja uso.

"Sifa hazijatosha? Niongeze chumvi?"

"Futa hiyo, mjukuu wangu."

"Unyenyekevu nao una mipaka, babu."

"Si unyenyekevu. Ni uongo."

Akatoa kwapani kitabu cha ufugaji wa nyuki. Alikuwa amekiazima juma lile kwa ajili ya darasa la jioni, alikojifunza kusoma baada ya kufiwa na mkewe. Siku tatu alikuwa amemwomba Mungu ampe ujasiri wa kusema, na Mungu alimpa, ila uchungu hakumpunguzia.

"Ukurasa wa arobaini na nane, nyuki. Wa arobaini na tisa, mama anashuka kwenye gari, wanawe wanamkimbilia. Wa sitini na tano, nyuki tena."

Mkutubi akapekua. "Hizi ni za riwaya ile ya mama aliyekwenda hospitali ya mbali. Kumbe alirudi? Nilidhani mwandishi ameamua tu kututoa machozi."

"Mwandishi hana kosa. Ni mimi."

Mwaka wa mvua kubwa paa lilivuja, vitabu viwili vikalowa na kufumuka. Vilikuwa vya kimo kimoja na karatasi za aina moja. Kila kitabu kilikuwa kimeshonwa kwa mafungu ya kurasa kumi na sita, naye aliyaanika yote kwenye meza moja. Tarakimu alizijua, maneno hayakumwambia kitu. Fungu moja la kurasa za arobaini na tisa hadi sitini na nne lilikuwa limeoza, akalitupa. La pili, lenye tarakimu zilezile, akalishona kwenye kitabu cha nyuki, akidhani ndipo pake. Nani angelalamika? Kitabu cha nyuki hakuna aliyekiazima, na wasomaji wa riwaya walidhani ndivyo wasomi wanavyoandika.

Mkewe ndiye aliyekuwa akimsomea. Mwaka uliofuata aliugua, daktari akamwandikia barua ya kwenda kupasuliwa hospitali kuu. Alipokuwa akingoja siku ya safari, alimsomea mumewe riwaya ile barazani kila alasiri. Mama wa hadithini akaenda kutibiwa. Ukurasa uliofuata, wanawe ni watu wazima, naye hatajwi tena. Mkewe akafunga kitabu.

"Umeona, baba watoto? Wanaokwenda huko hawarudi."

Alisema kwa mzaha, lakini safari aliiahirisha. Akaiahirisha tena. Mara ya tatu hapakuwa na wa kusafiri.

Mkutubi alivua miwani. "Babu, mtu haachi matibabu kwa sababu ya hadithi. Pengine alikuwa anaogopa tu."

"Pengine. Nimemuuliza Mungu, hajanijibu. Lakini wewe hukumwona alivyokifunga kile kitabu."

"Wageni watakuja, wakubwa. Historia hii ni ya kusherehekea."

"Historia ni ya yaliyotokea, mjukuu wangu."

Binti akaikata ile sentensi kwa mstari mmoja. "Niandike nini?"

"Andika kwamba mshonaji hakujua kusoma. Alipojua, alikuta kosa lake, akalirekebisha."

"Na bibi?"

"Huyo niachie mimi."

Riwaya ililetwa kutoka rafuni. Mzee alikata nyuzi za kitabu cha nyuki kwa wembe, akalitoa fungu taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto mgonjwa.

"Umezisoma zote?" mkutubi aliuliza.

"Ukurasa wa kwanza tu. Hadi wanawe wanapokimbia."

"Zisome basi, kabla hujashona. Huenda ukapata faraja."

Alizitazama. Sasa angeweza kuzisoma, japo kwa mwendo wa konokono. Akatikisa kichwa.

"Mwenzangu hakufika hapa. Siwezi kuendelea nikamwacha nyuma."

Akalinganisha kingo, midomo ikichezacheza kwa sala isiyosikika, akalishona fungu kwenye riwaya. Kisha akapaka gundi mgongoni na kukilaza kitabu chini ya chuma kizito.

"Kisiguswe hadi kesho," alisema, akifuta vidole. "Kikikauka, mpe yeyote mwenye mgonjwa nyumbani."