Mkono wa Bwanali

Kiboko cha kwanza kilitoa mlio mkubwa kuliko maumivu. Nilikuwa nimelazwa kifudifudi katika uwanja wa boma la Newala, watu wawili wamenishika mikono, na mimi nimeuma kitambaa. Nikangoja cha pili. Kilikuja na kishindo, ncha yake ikachapa ardhi upande wangu wa pili na kunirushia vumbi usoni, lakini mgongoni nilihisi kama nimepigwa na kamba nene, basi. Nilimjua aliyekuwa akinichapa, kwa sababu kivuli chake kilinivuka na kwenda mbali. Nisichokijua ni kwa nini amesimama karibu namna ile.

Mimi ni mtu mfupi. Afadhali niliseme mapema. Bwanali, tuliyezaliwa naye msimu mmoja kijijini Mkunya, aliezeka ukingo wa paa akiwa amesimama chini. Katika mchezo wetu wa fimbo, kila mtu alikatiwa fimbo kwa kipimo cha mkono wake mwenyewe, kuanzia kwapani hadi ncha ya kidole cha kati. Wazee waliona hiyo ndiyo haki. Mimi niliona ni kumwongezea aliyekwisha kuongezewa, lakini hakuna aliyeniuliza. Bwanali alitupiga kabla hatujamfikia, akicheka, kisha akatuinua na kutupangusa vumbi.

Mwaka ule baada ya vita, baba yangu alikuwa amekwisha kufa. Alikunywa dawa ya maji kama wengine, na risasi ikabaki kuwa risasi. Boma likadai wapagazi saba kutoka kwetu. Sita walipatikana. Wa saba angekuwa ama mimi ama Bwanali, na Jumbe Hamidu hakutaka lawama za kuchagua.

"Chezeni fimbo," alisema. "Atakayeangusha fimbo yake ndiye atakayekwenda."

Katika wapagazi saba wa msafara uliotangulia, wanne hawakurudi. Siku hiyohiyo majirani walianza kuja kumpa mama pole.

Mama hakulia. Alichukua mchi wa kutwangia, akanisimamisha uani.

"Njoo," akasema.

Nikaenda. Mchi ukanipata begani.

"Njoo tena."

Ukanipata mbavuni. Nikarudi nyuma nikijisugua.

"Unasimama palepale mchi unapouma," mama akasema. "Ukikaa mbali, nakukosa. Ukija nusu, nakuvunja. Ingia, Dastani. Ingia mpaka unisikie napumua."

Tulifanya hivyo siku sita. Siku ya sita niliingia hadi paji langu likagusa bega lake, na mchi ukawa mti tu mikononi mwake, hana pa kuuzungushia. Akauweka chini.

Asubuhi ya mchezo Bwanali alipita mbele ya nyumba yetu na fimbo yake ndefu ya mkole. Akasimama.

"Shikamoo, Mama Dastani."

Mama alikuwa akipepeta mtama. Hakuitika. Kwetu salamu huitikiwa hata kwa mtu mliyegombana naye. Bwanali alingoja kidogo, ungo ukiendelea kulia, kisha akaenda zake.

Mchezo wenyewe haukuchukua muda. Pigo lake la kwanza lilinipasua nyusi. La pili nililipokea begani, nikiwa tayari naingia. Mara pua yangu ikawa kifuani kwake, na mkono wake mrefu ukawa unahangaika nyuma ya mgongo wangu, ukitafuta nafasi. Nikampiga vifundo vya vidole kwa kifimbo changu, mara tatu, mara nne. Fimbo yake ikaanguka. Hakuna aliyeshangilia. Siti, mkewe, aliyekuwa na mimba kubwa, aliketi chini palepale aliposimama.

Nilifurahi. Sitaki kudanganya. Nilikwenda nyumbani nikala ugali wote.

Bwanali alibeba mzigo hadi Lindi. Huko Mzungu mmoja alimtazama toka miguuni hadi kichwani, akaamuru apewe bunduki badala ya mzigo. Siti akamfuata na mtoto. Miaka minne baadaye Bwanali alirudishwa Newala akiwa askari, na mwaka huohuo mimi nilikosekana kwenye kazi ya barabara siku tatu. Mama alikuwa ameumia mguu, hawezi kushuka bondeni kuteka maji, na juu huku hatuna kisima. Nilieleza hivyo bomani. Nikahukumiwa hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, na kiboko akapewa askari mwenye mkono mrefu kuliko wote.

Kufika cha tisa, efendi, mkubwa wa askari, alipaza sauti kutoka barazani.

"Wewe! Mbona umemsogelea hivyo?"

Nilisikia Bwanali akivuta pumzi. Angegundulika, angelala yeye kwenye vumbi lile, na yeye angechapwa na mtu aliyesimama mbali.

"Hapa ndipo penye nguvu, efendi."

Efendi alimtazama, jitu lile, akasikiliza kishindo cha kiboko cha kumi, akaridhika. Mimi nikaanza kupiga kelele ili kumsaidia. Nilipiga kelele nyingi. Machozi yaliyotoka hayakuwa ya mgongo, yalikuwa ya aibu.

Baada ya ishirini na tano alinishika kwapa akaniinua, kama zamani. Alinipangusa vumbi begani mara moja.

"Mama hajambo?" akauliza, akitazama kwingine.

"Mguu tu."

"Nipelekee shikamoo yangu."

Nilitembea taratibu hadi Mkunya. Mama alikuwa uani, ameunyoosha mguu mbele, akanigeuza na kuufunua mgongo wangu. Aliupapasa kwa muda mrefu, akitafuta ngozi iliyopasuka. Hakuipata.

"Nani alikuchapa?"

"Bwanali. Anakupa shikamoo."

Mama alilishusha shati langu polepole. Akageuza uso kuelekea njia ya boma, ambako hapakuwa na mtu.

"Marahaba, mwanangu," aliitika.