Boneti Isiyo na Umande

Umande ulikuwa umelowesha kila kitu uani kwa Caleb: nyasi, kamba ya nguo, hata paa la lile gari dogo jeupe. Boneti peke yake ilikuwa kavu.

Niliona hilo kabla ya kuona kitu kingine, kwa sababu nyumbani mimi ndiye huamka wa kwanza, na umande naujua. Caleb, mwenye gari, alikuwa amesimama kando yake na kikombe cha chai.

"Karibu, Mzee," alimwambia Baba. "Limelala hapa tangu jana saa kumi. Hata sijaligusa."

Nilinyoosha mkono nikagusa boneti. Ilikuwa na joto kama mafiga sufuria ya ugali ikishaepuliwa.

"Wewe Awino, toa mkono," kaka yangu Nashon akasema. "Utaliachia harufu ya dagaa wa omena, abiria watukimbie."

Wakacheka wote watatu. Nikarudisha mkono ndani ya leso.

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na tano, mjini Migori. Nashon alikuwa amepata leseni, na Baba alitaka kumnunulia gari la teksi. Cha kununulia kilikuwa zizini: ng'ombe watano wa mahari ya dada yangu Mourine, aliyeolewa Mbita na mtu anayeitwa Willis. Mama hakutaka waguswe. Mourine alikuwa amewahi kuja nyumbani jicho limevimba, na kwetu kila mtu anajua kwamba mwanamke akimwacha mume, ng'ombe hurudi kwa wenyewe. Wakiwa zizini, Mourine alikuwa na mlango wa kurudia. Mama alimwambia Baba hivyo, nami nikisikia. Baba akasema Willis ni kijana tu, hasira zitaisha.

Mimi niliachia shule darasa la sita, na mbele za watu sina maneno. Siku hiyo sikuchukuliwa nitoe ushauri. Baba alitaka gari lijaribiwe likiwa na mzigo, kwa hiyo nyuma tuliwekwa mimi, Caleb na gunia la mahindi.

Kwanza Baba alilizunguka. Akapiga magurudumu teke, akainama akachungulia tumboni kama anayetafuta kupe.

"Ng'ombe hanunuliwi amelala," alisema. "Lazima nimwone akitembea."

"Hili litatembea mpaka uchoke wewe, Mzee. Twendeni Homa Bay."

Nashon akazungusha ufunguo mara moja tu, likawaka. Tukashika barabara ya Rongo.

Sikuwa nimewahi kukaa ndani ya gari lisilo na konda. Nilikuwa na dirisha langu mwenyewe. Nililishusha, nikalipandisha, nikalishusha tena, mpaka Caleb akaniambia, "Dada, hiyo si pampu ya maji." Wanawake wenye mitungi walisimama pembeni kututazama, nami nikatazama mbele kama mtu aliyezoea.

Homa Bay tulikula samaki karibu na ziwa, gari limezimwa. Tulipomaliza, liliwaka kabla Nashon hajaketi vizuri. Baba akampiga bega. "Omera, ndugu yangu, huyu ni fahali!" Na kweli, tulipopanda kilima cha Rodi tukirudi, na gunia letu, halikulalamika. Jua lilikuwa bado juu tulipofika Migori, na Baba akampa Caleb mkono.

Siku ya soko iliyofuata ng'ombe waliswagwa kwenda kuuzwa. Mama aliwafuata mpaka barabarani, akasimama hapo muda mrefu baada ya vumbi kutulia.

Asubuhi ya kwanza kwetu, gari halikuwaka. Tukalisukuma. Ya pili, tukalisukuma tena. Likishapata moto lilikwenda vizuri, kwa hiyo Baba akasema ni baridi tu.

"Baba Nashon," Mama akamwambia, "ng'ombe mgonjwa hujulikana alfajiri, anapoinuka. Huyu wako ulimwona akiinuka? Au ulimkuta amesimama?"

Baba akamwita Nashon walisukume tena.

Hata miezi miwili haikuisha, likazima kabisa. Fundi alifungua injini, akasema ilikuwa imekwisha kabla hatujainunua. Baba alikwenda kwa Caleb, akarudi na jibu hili: "Mzee, si mlilijaribu wenyewe mpaka Homa Bay? Mlikuwa watatu. Kuna aliyeona kasoro akanyamaza?"

Mwezi wa Desemba Mourine alikuja, mtoto mgongoni, mkono mmoja umefungwa kitambaa. Akalala kwenye mkeka wangu wiki tatu. Usiku alijifunza kugeuka bila kulia.

Kisha baba wadogo wa Willis wakaja. Walikunywa uji wetu kwa adabu, wakasema la kwao bila kupaza sauti: "Tunataka mke wetu, au ng'ombe wetu."

Baba alilitazama gari. Lilikuwa kando ya ghala, na kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti cha nyuma.

"Nitawapa nini?" akasema. "Vyuma?"

Asubuhi yake Mourine alifunga nguo zake. Nilimsindikiza mpaka njia panda, nikiwa nimembeba mtoto. Alipompokea, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Awino, wewe ulikuwa ndani ya gari siku ile. Hukuona kitu?"

Nikatazama miguu yangu.

"Basi," akasema, akanigusa shavu kwa ule mkono mzima. "Najua wewe una haya."

Akaenda Mbita. Bado yuko huko, na sasa hata salamu zake huja mara moja kwa mwaka.

Hapa nyumbani wote husema hivyo, kwamba Awino ana haya. Ni neno zuri, nami nimejificha ndani yake. Lakini siku ile uani kwa Caleb, maneno yalikuwa yamenifika mdomoni, nayo yalikuwa mafupi: Baba, boneti ina moto. Hata mimi ningeweza kuyasema. Ningeyasema, tungegeuka palepale tukarudi nyumbani kwa miguu.

Mourine, haikuwa haya. Nilitaka kupanda gari.