Usiku wa Mtaa wa Chini

Awa alikuwa akikoroga uji wa futari, uji wa mchele na tui la nazi, alipoona kuwa jua limesimama. Lilikuwa limebakiza kama upana wa kiganja kufikia mapaa ya mtaa wa Kilimani, likatulia pale kama mgeni aliyekaribishwa kibarazani. Akapunguza kuni, akafunika sufuria, akatandika mkeka uani na kupanga vikombe. Mumewe Hassane akatoka chumbani na koti lake la ulinzi mkononi. Alitazama juu, kisha akauliza kama uji umetiwa pilipili manga.

Wakangoja. Uji ukafanya utando. Majirani nao walikuwa wamekaa kwenye nyua zao, kila mmoja na tende yake mkononi, na watoto wadogo walishasinzia kwa njaa. Juu ya barabara ya lami, upande wa Kilimani, watu walikuwa wanatembea na tochi na majiko yalikuwa yanang'aa gizani. Chini ya barabara kuku walikuwa bado wanachakura. Baadaye kengele ya kanisa la Kilimani ililia, ile inayopigwa giza likishaingia, na maalimu akatoka msikitini akasema watu wafuturu. Tangu siku hiyo Waislamu wa Chini walifungua saumu kwa kengele ya Wakristo. Wapo walionuna, lakini nao walikunywa uji.

Usiku wenyewe ulionekana ulikokwenda. Kule rasini, ndani ya uzio wa kampuni ya gesi, giza lilikuwa limetanda mchana na usiku, kingo zake zimenyooka kama kitambaa kilichopitishwa mkasi, na ndani yake nyota zinaonekana saa sita za mchana. Wavuvi waliopita karibu walisema maji ya pale ni baridi na samaki wake wamelala.

Mji wa Mtambwani ulikuwa na mitaa miwili iliyokuwa haipatani tangu zamani, kabla hata meli za kutafuta gesi hazijaonekana. Watu wa Chini walisema mji ni wao kwa sababu makaburi ya mababu zao yalikuwepo kabla ya barabara. Watu wa Kilimani, wengi wao familia zilizoteremka kutoka nyanda za juu za Mueda, walisema nchi ni yao kwa sababu wao ndio waliopigana vita vya uhuru wakati Chini wakimuuzia Mreno samaki. Gesi ilipopatikana, ubishi ule wa vibarazani ukageuka kuwa ubishi wa kiti. Maana kampuni ilikuwa inazungumza na mtu mmoja tu, katibu wa mji, na katibu alikuwa Raimundo wa Kilimani.

Raimundo aliitisha mkutano na kueleza mambo vizuri, kama alivyozoea. Alisema usiku wa Chini umechukuliwa kwa matumizi ya taifa. Mitambo ya gesi inataka giza na ubaridi, na usiku wa pwani ndio ulioonekana mzito kuliko yote.

"Kwa nini wasichukue wa Kilimani?" aliuliza Abdulcarimo, mwenye duka la vyakula, ambaye naye alikuwa anakitaka kiti.

"Walikuja kuupima," alisema Raimundo. "Wa kwetu umeingia vumbi la barabara. Hauwafai."

Watu wa Kilimani wakapiga makofi. Hassane akanyoosha mkono akauliza kuhusu kazi, kwa kuwa kampuni ilikuwa inatafuta walinzi na yeye alikuwa amelinda ghala la bandarini tangu ujana wake.

"Ni kazi za usiku, ndugu yangu," Raimundo akamjibu kwa upole. "Zinataka watu wenye mazoea ya usiku. Nyinyi wa Chini usiku hamna. Mazoea mtayapata wapi?"

Wiki hiyohiyo mwenye ghala la bandarini alimwita Hassane akamshukuru kwa utumishi wake. Alimwambia kwamba mlinzi wa usiku pasipo usiku ni mtu aliyesimama tu.

Basi Hassane akawa nyumbani, na nyumbani hapakuwa na usingizi. Awa alitundika kapulana, nguo zake za kujifunga, madirishani, akaziba nyufa za mlango kwa magunia, lakini mwanga uliingia vilevile. Ukifunua chungu, ulikuwemo. Ukifumba macho, ulikuwa upande wa ndani wa kope. Awa mwenyewe aliibia usingizi kidogo kidogo, ameegemea kinu. Hassane hakuweza hata hilo. Alitengeneza paa, akalibomoa, akalitengeneza tena. Alichimba shimo la takataka mpaka akafika kwenye maji. Mtaa mzima ulikuwa hivyo. Mbuzi walizunguka nyumba bila kulala, wanawake waligombana kisimani kwa neno dogo, na wanaume walianza kutembea ufukweni kwenda na kurudi, bila ya kutafuta kitu.

Siku moja Awa alimkuta mumewe amekaa ukutani anahesabu vidole vyake na kukosea. Akajifunga kapulana yake akapanda Kilimani kwa Olívia.

Olívia alikuwa mjane wa Kimakonde, muuza muhogo. Meza yake sokoni ilikuwa ubavuni mwa meza ya samaki ya Awa, na kwa miaka mingi walikuwa wameazimana kisu, chumvi na kivuli cha turubai. Alikuwa amesoma kwa mapadri akiwa msichana na Kireno chake kilikuwa kizuri, ingawa sokoni hakikumsaidia kitu.

"Dada Olívia," Awa alisema, "nimekuja kuomba usiku."

"Wa watu wangapi?"

"Wa Hassane. Mimi naweza kungoja."

Olívia akamtazama. "Huwezi kungoja wewe. Jiangalie macho. Njooni na mkeka, kuna chumba nawekea mahindi."

Jioni ile walipovuka barabara ya lami, giza liliwapokea kama maji ya vuguvugu. Hassane alilala kati ya magunia ya mahindi akiwa bado na kiatu kimoja mguuni. Aliamka kesho yake adhuhuri, akakaa kitako, akalia kidogo, kisha akauliza kama kuna chai.

Habari zikaenea. Kila kengele ilipokaribia, njia ya kupanda Kilimani ilijaa watu wenye mikeka kichwani, vikongwe wamebebwa mgongoni, wachanga wamefungwa vifuani. Mwanzoni Kilimani waliwapokea, maana mgeni ni mgeni. Lakini usiku ule ulikuwa umetengenezewa mtaa mmoja, na sasa ulikuwa unalaliwa na miwili. Ukaanza kuchakaa. Alfajiri iliwahi zaidi na zaidi, majogoo wakawa wanawika watu hawajamaliza ndoto zao za kwanza, na vibarua wa Kilimani walikwenda kazini macho mekundu. Wakaanza kusema kwamba watu wa pwani wamezoea kula vya wenzao.

Hapo Raimundo akasimama barabarani. Uchaguzi wa katibu ulikuwa umekaribia. Hakumfukuza mtu. Aliuliza tu kila aliyepita na mkeka kama familia yake itampigia kura yeye Raimundo, na aliyesema ndiyo alipita. Abdulcarimo alizunguka Chini akiwasihi watu wasiuze kura zao kwa usingizi. Maneno yake yalikuwa ya kweli, ila yeye alikuwa analala kwa mke wake mdogo, kwenye mji wa Mocímboa da Praia, na kila aliyemsikiliza aliuona uso wake jinsi ulivyonawiri.

Kisha ikatangazwa kwamba mhandisi wa kampuni anakuja, kusikia wananchi wanasemaje. Raimundo alimfuata Awa sokoni.

"Mama Awa, wewe unaheshimika kule Chini. Nataka usimame wewe. Atakuuliza kama mnalala. Wewe sema mnalala."

"Na nisiposema?"

"Mumeo ameanza kunenepa," alisema Raimundo. Akanunua samaki wawili, akaenda zake.

Awa hakumwambia Hassane. Siku zile alitembea na jibu mdomoni kama mtu aliyebeba yai. Mara aone atasema ndiyo, kwani kweli wanalala, na uongo haumo. Mara amwone jirani yake Zubeida, ambaye wanawe walibishana na Raimundo barabarani na sasa hawavushwi, amekaa juani anamwimbia mjukuu asiyelala. Hapo ndipo jibu lilipomkwama.

Mkutano ulifanyika shuleni. Mhandisi alikuwa kijana mpole kutoka kusini, asiyejua ila Kireno, na Raimundo ndiye aliyekuwa mkalimani. Swali likaulizwa. Awa akasimama, akazirekebisha ncha za mtandio wake.

"Mwambie tunalala kwenye vyumba vya watu," alisema. "Mwambie tunalala kwa ruhusa yako, na anayekosana na wewe halali. Mwambie usiku ni wetu, nasi tumekuwa waombaji wa kitu chetu."

Raimundo akamgeukia mhandisi, akasema kwa Kireno kwamba mama huyu anasema watu wanalala vizuri na wanaishukuru kampuni.

"Não foi isso que ela disse," ilisikika sauti kutoka madawati ya nyuma. Alikuwa Olívia. Alisimama polepole, mkono kiunoni, akasema sivyo Awa alivyosema, akayarudia maneno yake yote kwa Kireno cha mapadri, bila kupunguza. Kisha akaongeza kwa Kiswahili, ili Kilimani nao wasikie, "Katibu, mimi ni wa kwako, lakini masikio yangu ni yangu."

Mhandisi aliwasikiliza wote wawili kwa makini. Alisema huo ni mchango muhimu sana, akawashukuru, akanywa soda yake, akaondoka kabla ya kengele.

Kesho yake jua halikuzama juu ya nyumba ya Olívia. Kilimani yote iliingia gizani isipokuwa paa lake, ua wake, na mpapai wake mmoja, vilivyobaki kwenye mwanga wa alasiri kama kitu kilichosahauliwa nje. Wavuvi walisema kule rasini giza limeongezeka pembe ndogo, ukubwa wa kiwanja.

Awa alipopanda alimkuta Olívia anaanika muhogo, wakati wa chakula cha jioni.

"Nimekuletea mchana nyumbani kwako, dada."

"Muhogo utakauka upesi," alisema Olívia. Akaendelea kupanga vipande. Majirani zake walipita gizani nje ya ua, wakiukwepa mwanga kama mtu anavyokwepa dimbwi, na hakuna aliyemsalimu. "Unajua, Awa, miaka yote nilidhani usiku huu ni wangu. Babangu alilala humu. Kumbe nilikuwa nimewekewa tu, mpaka wautake."

"Utakwenda kwa Raimundo?"

"Nimekwenda. Hakunifokea. Aliniambia hakuwatuma wale wa kampuni, waliuchukua wenyewe bila kumuuliza. Kisha akatoka nje akatazama kama giza bado liko juu ya paa lake." Akainuka, akajipangusa unga wa muhogo. "Hassane asije tena. Si kwa chuki. Sina cha kumpa."

Uchaguzi ulipofika, Raimundo alishinda. Kilimani walimpa kura zao, na Chini wengi walimpa zao pia, kwa kuwa walishazoea kulala. Abdulcarimo alikwenda kumpa mkono, na baada ya siku chache akawa ndiye anayepeleka samaki kwenye kambi ya kampuni. Olívia alihamishia meza yake upande wa kulia wa Awa, mbali na wenzake wa muhogo waliokuwa hawamsemeshi. Wawili hao walifanya kazi mfululizo, wateja wakija wakati wowote, maana huku Chini mchana ulikuwa mmoja.

Hassane alirudia kutolala, maana hapakuwa na mwingine Kilimani aliyethubutu kumfungulia mlango. Safari hii hakubomoa paa. Alipita kule usingizi unakogombana na mtu, akatokea upande wa pili. Akaacha kupiga miayo. Macho yake yakawa makavu na maangavu kama ya samaki aliyetoka kuvuliwa, na akikaa anakaa, haegemei.

Hapo Raimundo alishuka Chini mwenyewe, akabisha hodi, akakaribishwa chai. Alionekana mchovu. Alieleza kwamba walinzi aliowapeleka rasini wamekuwa aibu. Usiku ule ni mzito mno, mtu akiegemea uzio tu amelala. Kampuni inamtaka mtu asiyelala.

"Wamesikia habari zako, kaka Hassane," alisema.

Alipoondoka, Awa alikusanya vikombe kwa kelele.

"Wamekunyima kazi kwa kuwa huna usiku. Wakakunyima usingizi. Sasa wanakuajiri kwa kuwa hulali. Utakwenda kulinda kilichochukuliwa kwetu?"

Hassane akafikiri. "Ni chetu," alisema. "Afadhali nikilinde mimi."

"Ukilinde na nani? Na sisi?"

Alikuwa amekwisha kulitoa koti lake la ulinzi na alikuwa anatazama kama kola imeliwa na mende.

Walimpa sare mpya na filimbi. Siku ya kwanza Awa alimpelekea chakula, wali na pweza, akaifuata njia ya rasini mpaka palipopigwa mstari mweupe mchangani. Hassane alikuwa amesimama wima mbele ya uzio, mgongo kwenye giza na uso kwenye mji. Nyuma yake usiku ulianza ghafla, mweusi, na harufu yake ilikuwa ya usiku wa Chini hasa, ya chokaa yenye unyevu na asumini.

"Nyota zipo?" Awa aliuliza.

"Sijui. Hairuhusiwi kugeuka."

Awa akachungulia juu ya bega la mumewe. Hakuona mtambo wowote. Aliona safu za vijumba vyeupe vya watu wa kampuni, na madirisha yaliyofungwa, na viatu vimepangwa nje ya milango. Alipotega sikio alisikia watu wanakoroma, wengi, kwa raha, kama watoto walioshiba.

"Wanalala," alisema.

"Wanalala," alisema Hassane. "Unahisi baridi?"

Ilikuwa inatoka kwenye uzio, nyembamba, na kumgusa shingoni. Awa akasogea hatua moja ili imfikie vizuri, na kope zake zikaanza kuwa nzito.

"Nyuma ya mstari, mama," Hassane akamwambia, kwa sauti ya kazi.

Awa akarudi nyuma ya mstari. Alimngoja akala akiwa amesimama, akaipokea sahani, akaisuuza baharini. Kisha akashika njia ya kurudi Chini, jua likimpiga usoni, kwa sababu lilikuwa bado halijaondoka mahali pake.