Upande wa Pili wa Shuka

Pasi ilikuwa juu ya namba saba, na mkono wa dobi haukuondoka.

Alijua. Jezi za namna hii hupigwa pasi kwa ndani, kwa moto wa chini kabisa, na juu ya namba hutandikwa kitambaa kibichi, kama anavyofunikwa mtoto mwenye homa. Kwa miaka ishirini alikuwa amefua na kunyoosha nguo za watu katika chumba hiki chenye karo la saruji na meza moja: mashuka ya nyumba za wageni, sare za wauguzi, suti za maharusi. Hakuna mteja aliyewahi kurudisha nguo akilalamika. Harufu ya plastiki ikapanda. Akavuta pumzi moja, akavuta ya pili, ndipo akainua pasi. Saba ya mgongoni ilikuwa imejikunja kama jani lililopita motoni, nusu yake imebaki kwenye chuma.

Mama yeyote anayesikia haya asiseme, mimi nisingeweza. Mkono ni wako mpaka siku hiyo.

Majuto ni mjukuu, husema watu. Kwake yalikuja pasi haijapoa.

Binti yake, ambaye wenzake chuoni walimwita Twiga kwa urefu wake, alikuwa mlangoni anafunga kamba za viatu. Saa nne asubuhi hiyo ilikuwa fainali ya kanda ya mpira wa kikapu. Jana yake alimweleza mama yake mambo yote huku wakikunja mashuka, mmoja upande huu, mwingine upande ule.

"Kanda ziko sita, mama. Bingwa wa kila kanda anaingia mashindano ya taifa ya vyuo moja kwa moja, hamna maneno."

"Na wa pili?"

"Wa pili anakaa kusubiri huruma. Zinabaki nafasi mbili tu. Kamati inatazama nani kashinda mechi nyingi, na kwenye fainali nani kafungwa kwa pointi chache. Sisi hatutaki huruma ya mtu."

"Na mkiingia?"

"Wiki mbili huko. Wanakuja makocha kutafuta wachezaji, wengine wanatoka nje ya nchi. Mwaka jana walimchukua nahodha wetu."

"Akarudi lini?"

Twiga alisogea mpaka vidole vyao vikagusana, akampa mama yake pembe zake za shuka, akainama kuokota mkunjo wa chini. "Hajarudi. Ila anapiga simu."

Maneno hayo yalilala na dobi kitanda kimoja, wala hayakumwachia nafasi ya kugeuka. Baba wa mtoto huyu naye alianza kwa kupiga simu.

"Mama, jezi tayari?"

Dobi aliikunja ile saba ikae ndani, akaitia kwenye begi. "Tayari, mwanangu."

Uwanjani hakwenda. Alijiambia ana mashuka mengi. Saa tisa Twiga alirudi, akaweka begi chini, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Refa kasema jezi isiyosomeka namba haichezi. Ya ziada hatuna. Nimekaa benchi robo mbili nzima. Kocha kahangaika mpaka kapata plasta ya kufungia vidonda, akakata saba, akabandika, ndipo refa akakubali. Naingia, tuko nyuma pointi kumi na tisa."

"Mkamaliza vipi?"

"Tumefungwa kwa mbili."

Maji ya bomba yalidondoka kwenye karo. Twiga akamtazama mama yake bila hasira, na hilo ndilo lililomtisha dobi.

"Mama, umewahi kuunguza nguo ya mteja?"

Angeweza kudanganya. Lakini kazi yake ndiyo heshima pekee aliyokuwa nayo, na ulimi ukaitetea kabla hajauzuia.

"Sijawahi."

"Basi," alisema Twiga, akaingia ndani.

Chuo kilikuwa likizo. Binti akabaki nyumbani kama mama alivyotaka, na nyumba haikuwahi kuwa tupu namna ile. Alikula alichopewa, akasema asante. Simu yake aliizima, asisikie habari za kamati. Kwenye kukunja mashuka alishika upande wake vizuri, akasogea, akakabidhi pembe. Lakini vidole aliviondoa mapema, hata shuka likawa linaning'inia kidogo kabla mama hajalidaka.

Siku ya nne, saa sita mchana, ikaita simu ya dobi.

"Shikamoo mama. Kocha hapa. Binti yako simpati."

"Marahaba. Yuko nje, anaanika."

"Kamati imemaliza. Tumepata nafasi ya mwisho. Zile pointi mbili ndizo zilizotuokoa, mama, mwenzetu kafungwa kwa tano. Mwambie basi linaondoka saa nane. Asipofika naondoka na wa akiba. Umenisikia?"

Dirishani, juu ya mashuka yaliyoanikwa, kichwa cha Twiga kilionekana kikipita taratibu. Pasi ilikuwa mezani, inazidi kupata moto.

"Mama? Umenisikia?"

Dobi akavuta pumzi moja. Ya pili hakuingoja.

"Nimesikia," alisema, akatoka uani. "Mwanangu. Mmeingia."

Twiga alichomoa jezi kwenye kamba. Ilikuwa na mikunjo, na ile saba ya plasta ilianza kuinuka pembeni. Mkono wa mama ukanyooka wenyewe, kwa mazoea.

"Lete niinyooshe."

Binti aliitazama jezi, akautazama ule mkono.

"Acha tu, mama. Itanyooka mwilini."

Akafunga begi. Mlangoni aliinama, kwa kuwa urefu wake ulishaizidi fremu, akasimama hapo kidogo kama aliyesahau kitu.

"Nitapiga simu," alisema.

Alasiri mashuka yakakauka. Dobi alichukua la kwanza, akafunga pembe mbili kwenye komeo la mlango, akarudi nyuma mpaka likakaza. Kisha akaanza kusogea, mkunjo kwa mkunjo. Kila alipovuta, mlango ulifunguka kidogo.